Sharti la Kunyamaza

Saa kumi na mbili kasoro dakika kumi asubuhi, siku ya Ijumaa, msimamizi wa ploti yangu ya Suneka alinipigia simu. Hakunisalimu.

"Yule mama wa cherehani ameanguka," alisema. "Kutoka juu. Ameanguka na chuma."

Nilikuwa nyumbani, upande wa Kebirigo, nikiwasha jiko. Nilimuuliza kama anapumua. Akasema anapumua na analia, na kwamba majirani wamembeba juu ya godoro na kumweka kwenye gari la mwenye duka la mbolea. Nikamwambia asiguse chuma wala asifagie chochote mpaka nifike. Kisha nikavaa.

Ploti ile ndiyo pensheni yangu. Kwa miaka mingi nilikuwa karani wa kupima majani ya chai kwenye kituo cha kununulia chai, kazi isiyo na malipo ya uzeeni ya maana, na kila shilingi niliyoweka akiba iliingia kwenye mawe ya jengo lile: ghorofa mbili, vyumba kumi na vinne, na roshani ndefu mbele ya vyumba vya juu. Shule niliiacha kidato cha pili. Mengine nimejisomea. Kabla ya kumwaga zege nilisoma sheria ya mpangaji na mwenye nyumba, na ile inayosema kwamba anayemiliki jengo anawajibika kwa usalama wa mtu anayeingia kwa ruhusa. Nilisoma polepole, kamusi ikiwa pembeni, na nilipomaliza nilikuwa nimeelewa jambo moja ambalo wenzangu wenye ploti hawakutaka kulisikia: kodi ya mwezi ni sehemu ndogo tu ya habari. Ukimiliki jengo, umemiliki pia kila ngazi inayoteleza, kila waya ulio wazi na kila mtu anayeweza kuumizwa navyo.

Kwa hiyo nilikata bima ya dhima, ile ya kumlipa mtu mwingine akiumia kwenye jengo lako. Wenzangu walinicheka. Mmoja, mwenye vyumba vingi kuliko vyangu, aliniambia, "Wewe unanunua mwavuli wa kufunika mlima." Nililipa kila mwaka bila kuchelewa hata mara moja.

Nilipofika Suneka nilikuta blanketi mbili mbichi zimelala kwenye matope, na kipande cha chuma cha roshani, kirefu kama kitanda, kimelala juu yake. Lazima nieleze habari ya Ijumaa. Zaidi ya nusu ya wapangaji wangu ni Wasabato, na Ijumaa ndiyo siku ya kutayarisha Sabato: nguo zifuliwe, nyumba ipigwe deki, chakula kipikwe kabla jua halijazama. Na kwa kuwa mvua ya kwetu haikosi kuja alasiri, kila mtu anataka kuanika mapema. Kamba za uani hujaa kabla hakujapambazuka vizuri. Wanaochelewa huanika kwenye chuma cha roshani. Nilikuwa nimebandika tangazo ukutani kukataza jambo hilo, na blanketi zilikuwa zikianikwa juu ya tangazo lenyewe.

Mama yule alikuwa fundi wa kushona, mke wa mtu anayefanya kazi kwenye mashamba ya maua huko Naivasha. Alikodi chumba cha juu cha kulala na kibanda kidogo barabarani cha kushonea sare za shule. Alikuwa ameinama kukamua pindo la blanketi kwa nje. Chuma kikang'oka mahali kilipofungwa kwenye zege. Niliangalia kile kiungo. Juu kilikuwa na rangi nzuri ya fedha. Ndani kilikuwa kutu tupu, unga mwekundu unaotoka ukiukwaruza kwa kucha. Fundi aliyekichomelea alikuwa ameshahama, wengine walisema yuko Kilgoris, wengine Narok. Nilipiga picha kila upande.

Hospitalini daktari alisema mfupa wa paja umevunjika karibu na nyonga, utafungwa kwa chuma na skrubu, na hata ukipona mguu hautakunjika kama zamani. Nilimwona yule mama kitandani. Alinitazama akasema neno moja tu, "Cherehani." Cherehani yake ilikuwa ya miguu.

Kutoka hapo nilikwenda moja kwa moja kwenye ofisi ya bima mjini Kisii, asubuhi hiyohiyo. Nilitoa taarifa, nikajaza fomu, nikaacha picha. Aliyenihudumia alikuwa kijana nadhifu, mwenye tai na simu mbili. Nikamwambia, "Nimesoma masharti yenu. Sharti linasema nisikiri kosa, nisitoe ahadi, wala nisilipe chochote bila ruhusa yenu ya maandishi. Nataka ruhusa hiyo. Nataka kwenda kumpa pole kwa desturi yetu na kusaidia bili."

Akacheka kidogo, si kwa dharau, ila kama mtu aliyesikia ombi geni. "Mzee, wewe wa kwanza kusoma hiyo. Tulia kwanza. Faili lazima iende Nairobi."

"Itarudi lini?"

"Itarudi. Na wewe usiende huko hospitali. Ukipigiwa simu na watu wao, usishike."

Nilirudi baada ya wiki, nikaambiwa faili iko Nairobi. Nilirudi tena, nikaambiwa mpelelezi atateuliwa. Niliandika barua ya kuomba ruhusa, nikagongewa muhuri kwenye nakala yangu. Hakuna aliyejibu. Wakati huohuo yule mama alikuwa ameshafanyiwa upasuaji, daktari amemruhusu kwenda nyumbani, lakini hospitali haikumwachilia kwa sababu bili haikuisha. Alihamishiwa wodi ya waliopona wasio na pesa. Kila siku aliyolala hapo iliongezwa kwenye bili ileile iliyomzuia kutoka. Mume wake alikuwa ametuma alichokuwa nacho. Ndugu walichanga, wakafika mahali wakaishiwa.

Nataka nieleweke hapa. Sikuwa mjinga wa maandishi. Sharti lile nilikuwa nimelipigia mstari kwa kalamu tangu siku ya kwanza. Nilijua kabisa kwamba mkono wangu ukigusa bili ile, kampuni itapata sababu. Nilikaa nyumbani nikifanya nilichoambiwa, na kwa mara ya kwanza maishani nilikuwa nikipita njia za nyuma ili nisikutane na watu.

Kwetu mtu akiumia kwako, unakwenda. Hakuna anayekufundisha. Hata akiwa ameteleza kwa ulevi wake mwenyewe, hata akiwa mwizi aliyeanguka kutoka kwenye mti wako wa parachichi, unabeba kuku, sukari na unga, unakwenda na mkubwa wa ukoo wako, mnakaa, mnasikiliza maneno makali, mnaomba pamoja, mnakula. Usipokwenda, umesema kwa miguu yako kwamba umefurahi. Na nyumba ya mtu aliyefurahi hakuna anayetaka kulala ndani yake. Wapangaji wawili walikuwa wameshahama. Mwingine alimwambia msimamizi wangu, "Mwenye ploti wenu ni mtu wa aina gani? Hata kuku hana?"

Baba yangu mdogo, aliyebaki mkubwa katika ukoo wetu, alikuja kwangu Jumapili. Alikataa chai. Ukiona mzee wa Kisii amekataa chai, jua habari si nzuri.

"Ng'ombe wa jirani akivunjika mguu kwenye mtaro wako, unakwenda ama hauendi?" akaniuliza.

"Ninakwenda, tata," nikamjibu; tata ni baba kwa Kigusii.

"Na huyu ni ng'ombe?"

Nikamweleza habari ya bima. Nilimsomea hata sharti lenyewe, nikalitafsiri kwa Kigusii. Alisikiliza lote, mikono juu ya fimbo. Kisha akasema, "Kwa hiyo umelipa watu pesa kila mwaka ili wakukataze kuwa mtu."

Nilikunja karatasi zile nikamsindikiza hadi barabarani.

Kesho yake nilikwenda hospitalini, nikalipa bili yote iliyobaki, shilingi laki moja na elfu themanini na sita. Hospitali ikamwachilia. Jumapili iliyofuata tulikwenda kwao, nje kidogo ya Nyamache: mimi, mke wangu na baba mdogo, kuku wawili, sukari, unga, mkungu wa ndizi, na bahasha ya kununulia mfupa wa supu.

Walituweka kwenye benchi. Mama mkwe wake ndiye aliyeanza. Alikuwa mwanamke mkavu, mwenye sauti ya kufukuzia nyani.

"Tulidhani wenye ploti hawana miguu," alisema.

"Tunayo, mama," baba mdogo akajibu. "Imechelewa tu."

"Imechelewa! Sisi hapa tulikuwa tunauliza, labda hata yeye aliangukiwa na ghorofa. Kodi ya mwezi mbona haichelewi? Tarehe tano yuko mlangoni kama nzi kwenye maziwa."

"Mama," shemeji yake mmoja akasema, "wape hata maji kwanza ndio uwachinje."

Watu wakacheka, na hewa ikalegea kidogo. Baba mdogo akasimama akasema mtu wao ameumia kwetu, tumekuja kuumia pamoja nao. Mimi nikasimama nikasema jengo ni langu, chuma ni changu, na nimehuzunika. Yule mama mwenyewe alikuwa kwenye kiti cha mto, mguu umenyoshwa juu ya stuli. Alisema, "Asante kwa kunitoa hospitali. Pale nilikuwa nimegeuka kuwa mali yao." Mzee wa kanisa akaomba. Tukala mmoja wa kuku wale tuliowaleta, kwa maana ndiyo desturi.

Wifi yake alikuwa akirekodi kwa simu tangu tulipoingia. Hakujificha. Alisema anamtumia kaka yake Naivasha ili aone kwamba mwenye jengo amekuja, asiendelee kukaa na hasira peke yake kwenye chumba cha kampuni. Nilimwona, na sikumkataza. Ningemkatazaje?

Siku chache baadaye faili iliyokuwa imelala Nairobi iliamka. Mpelelezi wa bima, yule niliyekuwa nikimsubiri wakati mtu amezuiliwa wodini, alikwenda Nyamache kuuliza maswali. Akauliza kama mwenye jengo amewahi kuwasiliana nao. Nao, kwa heshima yangu, kwa kunitetea, wakamwonyesha ile video. Mama mkwe ndiye aliyemhakikishia: "Huyo ni mtu mzuri. Alilipa hospitali yote. Alikuja hapa na kuku." Mpelelezi akaomba atumiwe nakala. Wakamtumia, na wakamchemshia chai.

Barua ilinifikia baada ya hapo. Ilikuwa fupi na yenye adabu. Kampuni ilisikitika kunijulisha kwamba nimekiuka sharti, kwa kulipa na kwa kukiri, na kwa hivyo haitalipa madai yoyote yatakayotokana na ajali ile, wala haitaniwekea wakili.

Nilikwenda ofisini. Yule kijana alikuwepo. Hakunitazama machoni mara moja.

"Mimi nilikuambia, mzee. Ungenyamaza tu."

"Niliomba ruhusa kwa maandishi. Muhuri wenu huu hapa."

"Kuomba si kupewa."

"Na kutojibu ni nini?"

"Hiyo ni ya Nairobi."

"Wewe ni mtu wa wapi?"

Akataja mahali, si mbali na Nyamache. Nikamuuliza, "Mama yako akianguka kwenye jengo la mtu, na huyo mtu akakaa kwake akanywa chai yake, wewe utasema anafuata masharti?"

Akashusha sauti. Akaacha Kiswahili akasema nami kwa Kigusii, na hilo lilinikasirisha zaidi, kwa kuwa ilimaanisha anaijua desturi. "Omogaka," alisema, yaani mzee, "hata mimi ningekwenda. Lakini ningemtuma mke wangu, na pesa ningezituma kwa jina la kanisa. Wewe ulikwenda mwenyewe, mchana, mbele ya kamera."

Huo ndio ushauri wa kitaalamu niliopewa bure: kwamba jambo jema lifanywe kama wizi.

Nimelifikiria sana neno lile, kukiri. Nilisoma vitabu vyote nilivyoweza kupata kuhusu jambo hili. Ninaelewa kwa nini kampuni inaweka sharti: kuna watu hukubaliana na jamaa zao, huyu aanguke, yule akiri, wagawane. Ninaelewa kwamba kampuni inataka kujitetea yenyewe bila mteja kuiharibia kesi. Sababu hizo ni za kweli. Lakini chuma kilikuwa chini na mwanamke alikuwa chini na kutu ilikuwa kwenye picha nilizowapa mwenyewe asubuhi ya kwanza. Kulikuwa na nini cha kuficha? Kesi gani niliyowaharibia? Waliokuwa na wiki kadhaa za kuandika mstari mmoja, "Mlipie bili, tutakurudishia," au hata "Usilipe, sababu ni hii," hawakuandika. Kisha wakakimbia kama upepo hadi Nyamache kutafuta video. Nililalamika kwa wanaosimamia kampuni za bima. Wakajibu, kwa ustaarabu, kwamba sharti ni halali na nililiwekea sahihi. Ndiyo, niliweka.

Kwenye chama chetu cha wenye ploti sikupata huruma pia. Tulikutana nyuma ya duka la saruji, na yule wa mwavuli ndiye aliyeanza.

"Umeharibu soko. Sasa mpangaji akiteleza kwa sabuni bafuni tutapeleka kuku?"

"Peleka," nikamwambia. "Wewe una kuku wengi."

"Na ile bima yako?"

"Imekataa."

Alicheka mpaka akashika ukuta. "Kwa hiyo mwavuli ulikuwa wa picha!" Wengine wakacheka. Baada ya kikao, mmoja alinifuata pembeni akaniuliza kwa sauti ya chini chuma cha roshani kinakaguliwaje. Nilimwonyesha. Ndiye peke yake.

Kisha ikaja kesi. Simlaumu mtu kwa hiyo. Wakala wa wakili, mmoja wa wale wanaozunguka milango ya hospitali, alimpata yule mama hata kabla sijalipa bili, na karatasi ilikuwa imeshatiwa sahihi. Na hata kama asingekuwapo wakala, alikuwa na haki. Mguu wake haukukunjika tena vizuri, na kwa cherehani ya miguu alikuwa kama dereva asiyefika kwenye breki. Walidai milioni moja na laki nne. Ploti yangu ndiyo mali iliyotajwa.

Nilikodi wakili mjini Kisii, mtu mzima, mwenye ofisi yenye vumbi na akili safi. Alinieleza mambo mawili. La kwanza, ningeweza kujitetea kwa tangazo langu la ukutani, kwamba mdai naye alichangia kosa. Upande wa pili ulijibu kabla hata hatujamaliza kuandika: chuma kisichoweza kubeba blanketi hakiwezi kubeba mtu, na kazi yake ilikuwa kubeba mtu. Hapo sikuona pa kushika. Wakili alisema litatusaidia kidogo kwenye mapatano, si zaidi.

La pili alilisema baada ya kufunga mlango. "Kuna njia. Tuhamishe ploti kwa mama watoto leo, kama zawadi. Tarehe tuirudishe nyuma ya ajali. Mdai akishinda atakuta huna kitu."

Nikamwambia nimesoma kwamba mahakama inaweza kufuta uhamisho uliofanywa kumkimbia mdai.

"Inaweza. Ikigundua."

Niseme wazi, kwa wanaojenga. Kuna kinga za halali. Ningeweza kusajili kampuni ndogo na kuiweka ploti humo tangu siku ya kuchimba msingi, ili kesi ikija isiguse shamba la nyumbani. Nilikuwa nimesoma habari hiyo na nikaona ni mambo ya matajiri. Ningeweza kutafuta bima nyingine na kulinganisha masharti. Lakini hayo yote hufanywa mtu akiwa bado amesimama roshani. Akishaanguka, kinachofanywa kina jina lingine.

Nilimweleza mke wangu jioni ile, neno kwa neno, kwa kuwa jina lililotakiwa lilikuwa lake. Alikuwa akichambua mboga za chinsaga. Hakuinua uso.

"Mimi si gunia la kufichia mahindi ya wizi," alisema. "Nilikula kwa yule mama. Nitamtazamaje?"

"Tunaweza kupoteza ploti."

"Basi tuipoteze ikiwa na jina lako."

Kesho yake nilimwambia wakili hapana. Aliinua mabega, na nafikiri kuanzia hapo alinifanyia kazi kwa moyo zaidi. Hakimu alipoitaja kesi, wakili aliomba twende kwa mpatanishi wa mahakama, na upande wa pili ukakubali.

Tulikaa chumba kimoja chenye meza ndefu: mpatanishi, mawakili wawili, mimi, na yule mama aliyeingia kwa mkongojo mmoja. Mawakili walirushiana tarakimu kwa muda. Wakili wake alisema kwamba kwenda kwangu Nyamache ni ushahidi wa kosa langu. Hapo nilishindwa kuvumilia.

"Kila mtu analisoma jambo hili la kwenda kwangu," nilisema. "Bima inalisoma, wewe unalisoma. Mimi nilikwenda kumwona mtu aliyeumia. Basi. Kama sheria haina mahali pa kuweka jambo hilo, kosa ni la nani?"

Wakili wake akafungua kinywa, lakini yule mama alimtangulia.

"Alikuja," alisema. "Wengine hawaji. Hilo sitalikana mbele ya mtu." Kisha akanigeukia, na sauti yake haikuwa laini. "Lakini wewe pia usifikiri tumemalizana. Ulileta kuku. Kuku hakanyagi cherehani."

"Ni kweli, mama."

"Sitaki ploti yako. Nikiichukua nitaifanyia nini, nipande ngazi? Nataka cherehani ya umeme, nataka chumba cha chini, na nataka pesa ya ile miaka ambayo sitashona kama zamani. Hesabuni hiyo. Mkishindwa kuihesabu, turudi kwa hakimu."

Ikahesabiwa. Mpatanishi aliandika, mawakili wakasahihisha, ikasajiliwa mahakamani kama hukumu ya makubaliano: shilingi laki sita na nusu kwake, bei ya cherehani ikiwa humo, na elfu tisini gharama za kesi. Chumba cha chini nilimpa kwa kodi ileile. Siku hizi anashonea hapo, mlango ukiwa wazi, na nikipita hunisalimu kwa ufupi. Hatujawa marafiki. Sioni kwa nini tungekuwa.

Ploti haikuuzwa. Niliuza shamba la chai la Kebirigo, nililokuwa nimelitenga kwa ajili ya kitinda mimba wangu, na aliyelinunua ni mwenzangu wa mwavuli, kwa bei aliyoitaja yeye. Vyuma vyote vya roshani nilivitoa nikaweka vipya, vinavyofungwa kwa nati zinazoonekana na kuguswa, na kila mwezi navikagua kwa mkono wangu.

Bima ninayo bado. Nilihamia kampuni nyingine, na kabla ya kuweka sahihi nilimuuliza ofisa wao sharti la kutokiri linasemaje kuhusu kumtembelea majeruhi. Alisema hajawahi kuulizwa. Nilimwambia aandike swali langu na jibu lake, agonge muhuri, aambatishe kwenye hati. Ilichukua muda mrefu, lakini liliandikwa: kutoa pole, na chakula cha kawaida cha desturi, si kukiri. Kuhusu bili ya hospitali walikataa.

Kuna gharama ambazo siziweki kwenye hesabu hii. Vyuma vipya ni wajibu wangu, na ningevilipia hata kama bima ingekuwa ya malaika. Malipo yangu ya kila mwaka niliyatoa kwa hiari. Wakili wangu nilimlipa kwa kazi aliyoifanya. Elfu ishirini za kwanza za kila dai zilikuwa zangu kwa mujibu wa mkataba, hata kampuni ingelipa. Nimetoa hizo zote. Kinachobaki, yaani bili ya hospitali, fidia na gharama za kesi, ni kile ambacho kampuni ingelipa kama ningekaa nyumbani na kunyamaza, mtu akiwa amezuiliwa wodini na mama mkwe wake akiuliza kama nina miguu. Kinachobaki ni shilingi laki tisa na elfu sita.